Lugha ya Mama Haiachwi Mpakani

Tunaukataa usemi kwamba anayehama huiacha lugha ya mama mpakani. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, akaishi Uingereza na kuandika kwa Kiingereza. Hata hivyo, maneno ya Kiswahili yamo katika riwaya zake. Mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Lakini riwaya yake Paradise, iliyotoka mwaka 1994, ilikuja kutolewa kwa Kiswahili, kwa jina Peponi, mwaka 2022. Miaka 28! Aliyehama hakuisahau lugha. Waliobaki nyumbani ndio waliochelewa. Nasi huku Kongo tungali tunaambiwa kwamba Kifaransa ni cha kufikiri, Kiswahili ni cha sokoni. Si kweli. Tukisome, tukiandike. Urithi usiotumiwa huliwa na mchwa.