Wenye mitumbwi Buhare wakatae kupakia kokoro

Kokoro halifiki majini lenyewe, wala timba haijitegi. Nyuma ya kila wavu haramu unaozama Ziwa Victoria kuna mtumbwi, na nyuma ya mtumbwi kuna tajiri aliyeukodisha pamoja na nahodha aliyekubali kuondoka usiku bila kuuliza kilichomo kwenye gunia. Miaka yote lawama zimekuwa zikienda kwa mvuvi na kwa ofisa uvuvi. Mwenye chombo amekuwa akikaa pembeni kama vile jambo hili halimhusu.

Linamhusu, hasa kwa wakazi wa Buhare na maeneo mengine ya Manispaa ya Musoma. Mji huo umekaa kwenye Ghuba ya Mara, ambako Mto Mara huingia ziwani baada ya kutoka Kenya na kukatiza Serengeti. Maji ya kina kifupi yenye matete na mafunjo ndiko sato hutengeneza viota na ndiko vifaranga hujificha visiliwe. Kokoro linapoburutwa hapo halichagui. Linasomba sato mkubwa, kifaranga, furu na gogogo, na kuvuruga viota vyote chini. Anayefanya hivyo usiku mmoja anaondoka na mavuno ya miezi mingi ya wenzake.

Sheria haina utata. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zinakataza makokoro, timba na sumu. Sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa. Mwenye chombo ajue pia kwamba mahakama ina uwezo wa kutaifisha mtumbwi na injini yake, si nyavu tu. Fedha ya kukodisha usiku mmoja haiwezi kununua injini nyingine.

Serikali imejaribu nguvu. Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilipita mialoni, nyavu zikachomwa moto, na malalamiko yakawa mengi, mengine yakifika bungeni. Lakini operesheni huisha. Sehemu ya Tanzania katika ziwa hili ni zaidi ya kilomita za mraba 35,000, na hakuna idadi ya boti za doria inayoweza kulala majini kila usiku katika eneo la ukubwa huo. Vyombo vilivyopo huko kila usiku ni vya wananchi wenyewe: wavuvi wa dagaa na taa zao za sola, boti za mizigo, na zile zinazopeleka abiria visiwani kama Rukuba.

Hao ndio wanaoona. Hawatakiwi kupambana na mtu majini. Huko ni kutafuta maafa. Kinachotakiwa ni kukumbuka mahali, saa na namba ya chombo, kisha kufikisha taarifa kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, au kwa ofisa uvuvi. Na wanapokuta kipande cha timba kinaelea, wasikikwepe tu kwa kuhofia pangaboi. Uzi ule hauozi haraka. Huendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewauza. Waupandishe chomboni waulete nchi kavu.

Hapa viongozi nao waambiwe ukweli. Mtoa taarifa na mhalifu huishi mwalo mmoja, na mara nyingi ni ndugu. Jina likivuja, mtumbwi wa mtoa taarifa unaweza kukutwa umetobolewa asubuhi. Bila siri kulindwa, kumtaka nahodha aseme ni kumtaka ajitoe mhanga.

Wakulima na wafugaji wasidhani haya ni ya watu wa majini peke yao. Dagaa ni protini kubwa katika chakula cha kuku, na dagaa wakipungua mfuko wa chakula hupanda bei hadi kwa mfugaji ambaye hajawahi kupanda mtumbwi. Upande mwingine, sumu ya kuvulia samaki haitengenezwi ziwani. Ni dawa ya kuua wadudu wa mazao iliyotoka dukani au iliyobaki shambani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vilikosa soko na bei mialoni ikaanguka, ikamuumiza hata aliyevua kihalali. Mkulima anayemuuzia mgeni chupa ya dawa bila kujua anaipeleka wapi naye ana sehemu yake.

Pa kuanzia ni padogo na hapahitaji bajeti. Mitumbwi mingi hukodishwa kwa maneno ya mdomo tu. Kabla ya giza lijalo, dagaa watakapoanza kuvuliwa tena, BMU na matajiri wa mitumbwi wakae mwaloni wakubaliane makubaliano yawe ya maandishi, yenye namba ya chombo, jina la anayekodi na aina ya zana anazopakia. Gunia lifunguliwe mbele ya mwenye mtumbwi kabla chombo hakijasukumwa majini, na anayekataa kulifungua atafute usafiri kwingine.