Wingi wa Picha si Wingi wa Kuona

Wauzaji wa kamera wa siku hizi wana sifa moja waitangazayo kwa sauti kubwa, nayo ni kasi. Haitoshi tena kusema kwamba lenzi ni angavu au kwamba chombo ni imara. Lazima itajwe idadi ya picha ziwezazo kupigwa katika sekunde moja, kidole kikiwa kimekandamiza kitufe pasipo kuondoka. Nikon D1, iliyotoka mwaka 1999, ilipiga picha nne na nusu kwa sekunde. Sony a9 ya mwaka 2017 ilipiga 20. Sony a9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, hupiga 120. Hata simu za mfukoni zimepewa uwezo huo: iPhone 5s ya mwaka 2013 ilipiga 10. Madai yangu ni kwamba kasi hii, inapotumiwa na mtu asiye na haja nayo, haimwongezei macho bali humpunguzia. Na ya kuwa hasara yake humwangukia zaidi yule anayepigwa picha kuliko yeye aliyeishika kamera.

Kwanza niwape wapinzani wangu haki yao, maana mfululizo wa picha haukuzaliwa na upuuzi. Kwa muda mrefu wachoraji wa Ulaya walimchora farasi aendaye mbio akiwa amenyoosha miguu miwili mbele na miwili nyuma, kana kwamba anaruka angani. Mwaka 1878, huko Palo Alto katika California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, akatandaza nyuzi, na farasi wa tajiri Leland Stanford alipozipita mbio, kila uzi ukaifyatua kamera yake. Ikadhihirika kwamba farasi huinua miguu yote minne kweli, lakini si wakati ameinyoosha. Ni wakati ameikusanya chini ya tumbo. Jicho la mwanadamu lisingaliweza kulijua jambo hilo hata likikesha. Miaka minne baadaye Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, iliyopiga picha 12 kwa sekunde, akawa anawalenga ndege warukao bila ya kuwadhuru.

Vivyo hivyo katika michezo. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Noah Lyles wa Marekani na Kishane Thompson wa Jamaika walimaliza mita 100 kwa muda ulioandikwa sawasawa, 9.79, na tofauti yao halisi ilikuwa elfu tano tu za sekunde, yaani 0.005. Pasipo mtambo unaoutazama mstari wa mwisho mara maelfu kwa sekunde, nani angalithubutu kumvika mmoja wao nishani ya dhahabu? Katika mambo kama hayo mimi niko upande wa mashine. Lakini msomaji atambue kwamba watu hao wote walikuwa na swali kabla hawajaiendea mashine. Je, farasi huinua miguu yote? Bawa la ndege huendaje? Nani ametangulia?

Sasa tuingie arusini, au katika mahafali ya shule, au siku ya wazazi. Huyu kijana aliyeinua kamera yake mbele ya bibi arusi na kuiacha itoe mlio kama wa cherehani, ana swali gani? Hana. Ana hofu. Anaogopa kupitwa, na kwa kuwa hajui nini kisimpite, huchukua vyote.

Na tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Kamera ya picha 120 kwa sekunde, ikiachwa ifanye kazi sekunde 10, huleta picha 1200. Mtu akiziangalia moja moja, na kila moja akaipa sekunde tatu tu, atakaa saa nzima akiangalia sekunde 10 za maisha ya mtu mwingine. Ule mkanda wa zamani wa filamu ya picha 36 ungalikwisha kwa thuluthi ya sekunde, kabla ya mpigaji kumaliza kutamka neno “tayari”. Yamkini mtu wetu hataziangalia zote. Atachoka kwenye ya mia mbili, na kuchukua yoyote iliyo karibu. Mchagua nazi hupata koroma.

Wasemao kwamba kasi imemwondolea mpigaji picha taabu ya kuchagua wamekosea. Taabu ile haikuondolewa, imehamishwa. Mwenye picha chache hana budi kuchagua kabla, akiwa amesimama mbele ya mtu, akimsoma uso, akingoja bega lishuke na pumzi itulie. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, kwa desturi alimpiga mteja picha moja tu, kwa sababu vifaa vilikuwa ghali. Alimweka mtu mbele ya kitambaa chenye maua, akamgeuza kidogo, akampanga mikono, kisha akapiga. Leo picha hizo hutundikwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya na Marekani, na watu wa Bamako waliomo humo hutukabili kwa heshima zao kamili. Sisemi kwamba umaskini wa vifaa ndio uliozaa ustadi huo, kwani maskini wengi wamepiga picha mbaya. Nasema kwamba alichagua mbele ya macho ya mteja wake, na mteja akajua anachaguliwa nini.

Mtu wa mfululizo huchagua baadaye, peke yake, mezani, mwenye uso akiwa amekwisha kwenda zake. Hapo ndipo penye hatari, nami nataka tukae hapo kidogo.

Kope la mwanadamu likifumba na kufumbua huchukua muda usiopungua sehemu ya kumi ya sekunde. Kamera ya picha 120 huweza basi kupata picha 12 au zaidi katika mpepeso mmoja, na katika nyingi ya hizo jicho huwa nusu wazi, kama la mlevi. Mdomo utamkapo neno “mbwa” hupita katika maumbo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona usoni pa jirani yake, kwa kuwa jicho letu huyaunganisha yote na kuyasoma kama neno. Kila uso, hata ule usifiwao kwa uzuri, hupita katika sura za namna hiyo kila dakika. Mchongaji wa Ufaransa Auguste Rodin aliligusa jambo hili katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1911. Alishikilia kwamba mchoraji ndiye asemaye kweli na picha ya kamera ndiyo idanganyayo, kwa kuwa katika maisha halisi wakati hausimami.  Mimi naona kuhusu farasi alikuwa mkaidi, lakini kuhusu nyuso za watu alikuwa na haki.

Katika shule moja niliyopata kufundisha, msichana wa kidato cha pili alighani shairi mbele ya wazazi, na alighani vizuri hata ukumbi ukanyamaza. Mtu mmoja alimpiga kwa mfululizo. Jioni ile, katika picha mamia alizokuwa nazo, alichagua moja ambayo jicho la mtoto limefumba upande mmoja na mdomo umepinda, akaituma kwa wenziwe ili wacheke. Muhula uliofuata msichana yule hakukubali tena kupanda jukwaani. Hakuna aliyeigusa picha ile kwa kalamu wala kwa programu. Kila nukta yake ilikuwa kweli, na mtoto alisingiziwa nayo. Mwanasiasa hufanyiwa vivyo hivyo katika gazeti lisilompenda, na mfuasi wake hana la kujibu, maana mpinzani atamwambia: kamera haikusema uongo. Zamani pia mtu aliweza kuchagua picha mbaya kwa makusudi. Lakini zamani ilimbidi apate bahati ya kuinasa. Leo ghala imejaa, na aliyekusudia ubaya hakosi.

Na mambo yamekwenda mbele zaidi. Olympus, katika kamera yake E-M1 Mark II ya mwaka 2016, ilitia uwezo wa kuhifadhi picha za kabla ya kitufe kukandamizwa mpaka mwisho, na wengine wakafuata. Mtu hukigusa kitufe nusu, kamera ikaanza kukusanya kimya kimya; akikikandamiza, hupata na yale yaliyokwisha kupita. Kwa anayemvizia mdiria ziwani Naivasha hiyo ni neema, nami simwonei wivu. Kwa anayemkabili mtu mwenzake ni jambo la ajabu, kwamba picha ya uso wa mtu ichukuliwe kabla ya mpigaji kukata shauri la kuipiga.

Nitaambiwa kwamba picha hizi hazigharimu kitu, na kwamba mwanafunzi hujifunza kwa kupiga nyingi. Juu ya gharama nimekwisha kutoa hesabu ya saa nzima. Juu ya kujifunza, nijibu kama mwalimu. Mwanafunzi akiulizwa saba mara nane, akaandika namba zote kuanzia 1 hadi 100, hatumpi alama kwa sababu 56 imo. Tunampa sifuri, tena tunamwita ofisini. Kwa nini basi tumpe tuzo yule aletaye picha 1200 ambamo moja, kwa nasibu, imesimama vema?

Natoa shauri kwa vyama vya picha vya shule zetu. Kamera iwekwe kwenye picha moja moja. Kila mwanafunzi apewe picha 12 kwa alasiri nzima, naye aandike kwa kila moja alikuwa anangoja nini kabla ya kuipiga. Picha za watu zionyeshwe kwanza kwa wenye nyuso, na ile wanayoikataa ifutwe palepale, mbele yao, kabla kamera haijatoka ukumbini. Mwenye kupiga mbio za mita 100 au ndege aombe ruhusa ya mfululizo, akitaja swali lake. Mpango wa kuizima kasi umo ndani ya kamera hizo hizo, ingawa mwuzaji hana haraka ya kuuonyesha: katika kamera nyingi alama yake ni mstatili mmoja, na ile ya mfululizo ni mistatili iliyopandana.