Goti Lipumzike, Macho Yasilale

Mwaka 2022 nilikwenda Uingereza kumtembelea dada yangu, ambaye ni muuguzi kama mimi na anaishi na mumewe katika mji wa Leicester. Nilifika nikakuta nyumba imenuna. Haukuwa ugomvi wa pombe wala wa mwanamke wa nje. Ulikuwa ugomvi wa gari.

Shemeji ana gari dogo la spoti, Mazda MX-5 la mwaka 1992. Lina viti viwili tu, paa lake ni la turubai na gia zake ni za mkono. Wakati ule kazi yake ilikuwa Glasgow, Uskoti. Aliondoka kila Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa usiku, karibu kilomita 480 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Umri ulikuwa umeshampata, na goti la kulia lilimuuma kwa sababu ya kukanyaga mafuta saa nyingi bila kubadilisha mkao. Ijumaa alishuka garini akichechemea, nusu saa nzima hawezi kupanda ngazi.

Basi akanunua kifaa cha kushika mwendo, ambacho wengine hukiita kruzi kontroli. Magari mengi mapya hutoka nacho kiwandani, lakini gari lake halikuwa nacho, hivyo alinunua kile kinachouzwa peke yake ili akifunge mwenyewe. Dada akakasirika.

"Unaona, mdogo wangu?" aliniambia jikoni. "Pesa inakwenda kwenye mdoli wake."

Nikamwuliza, "Dada, shida ni pesa kweli?"

Alinyamaza, kisha akasema, "Mwezi uliopita alisinzia. Magurudumu yalipita juu ya ile mistari yenye vinundu pembeni mwa barabara, ndiyo mngurumo ukamwamsha. Sasa anataka gari lijiendeshe!"

Hapo nikaelewa. Shemeji alikuwa akizungumzia goti, na dada alikuwa akizungumzia usingizi. Kila mmoja alikuwa na haki, ila hakuna aliyemsikia mwenzake.

Kwanza tukifahamu kifaa chenyewe. Aliyekibuni ni Mmarekani Ralph Teetor, mhandisi aliyepofuka akiwa na umri wa miaka 5. Inasimuliwa kwamba wakili wake alipokuwa akimwendesha, alipunguza mwendo kila alipozungumza na kuuongeza kila aliponyamaza, na mzee huyo kipofu akachoshwa na kurushwarushwa kitini. Alipata hataza ya ubunifu wake mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ikaanza kukiuza katika magari yake ya mwaka 1958. Hivyo kifaa hiki kilianza kama faraja ya abiria na dereva. Hakikubuniwa ili dereva apate kulala.

Kazi yake ni nyepesi kueleza. Kuna kisanduku chenye mota ndogo kinachofungwa chini ya boneti. Kutoka humo waya mwembamba wa chuma huungwa na mfumo wa mafuta, ule ule unaovutwa na mguu wa dereva. Sumaku ndogo hufungwa kwenye shafti inayozunguka chini ya gari, na kihisio kando yake huhesabu mizunguko, ndivyo kisanduku kinavyojua mwendo. Dereva akifika mwendo anaoutaka hubonyeza kitufe, na mota huvuta au kulegeza mafuta ili mwendo usibadilike. Akigusa breki, kifaa hujiachia mara moja.

Hilo la mwisho, mama mwenzangu, ndilo roho ya kazi yote. Kifaa kinachoshika ni lazima kijue kuachia.

Shemeji alikifunga kwa siku mbili, mimi nikimshikia tochi. Siku ya tatu kifaa kikakataa kabisa kufanya kazi. Alibonyeza, akabonyeza tena, kimya. Dada akasema, "Si nilisema?" Chakula cha jioni hiyo kililiwa bila neno.

Kumbe kosa lilikuwa kwenye taa. Vifaa vya aina hii hupata habari za breki kupitia waya wa taa za nyuma. Breki isipokanyagwa, kisanduku husoma kupitia uzi ulio ndani ya balbu kwamba njia ni salama. Shemeji alikuwa ameondoa balbu za zamani akaweka taa za LED, ambazo hazina uzi huo, na kisanduku kikaona kama waya umekatika. Kikagoma, na kilifanya vyema kugoma. Aliporudisha balbu za kawaida kikakubali.

Jaribio la barabarani lilifanyika Jumapili mchana, barabara ikiwa tupu na kavu. Mimi nilikaa kiti cha pili. Breki ilikiachisha vizuri. Lakini alipokanyaga klachi huku kifaa kimeshika, injini ilinguruma kwa nguvu mpaka nikashika mlango! Kisanduku kilikuwa bado kinavuta mafuta wakati injini haina tena mzigo wa magurudumu. Baada ya muda mfupi kilihisi injini imezidi kasi kikaachia, lakini muda huo mfupi ulitosha kututisha. Gari la gia za mkono linahitaji swichi kwenye klachi pia. Shemeji alikuwa ameiruka hatua hiyo kwa kuona breki inatosha.

Tuliporudi, dada alisimama mlangoni akasema, "Baba watoto, gari hili haliendi Glasgow mpaka swichi hiyo iwekwe." Shemeji hakubisha. Alichukua gari la moshi wiki ile, na Jumamosi akafunga swichi. Nilimwona dada akitoka nje na kikombe cha chai, akamwinamia pale chini ya usukani, akauliza, "Waya huu unakwenda wapi?" Nadhani hapo ndipo ugomvi ulipoanza kuisha.

Usiku huo tukazungumza watatu mezani, na mimi nikasema kama muuguzi. Kifaa hiki kinapumzisha goti. Mguu unaweza kunyooka kidogo na kukunjwa, ingawa usiwe mbali na breki. Lakini hakipumzishi ubongo. Mwili ambao haujalala vya kutosha, ukiondolewa hata ile kazi ndogo ya mguu, husinzia upesi zaidi. Na kukaa saa nyingi bila kuinuka hupunguza mwendo wa damu miguuni, jambo linaloweza kuleta damu kuganda, kifaa kiwepo au kisiwepo.

Mwongozo wa barabara wa Uingereza unashauri dereva apumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili. Akishikwa na usingizi, ushauri ni asimame mahali salama, anywe vikombe viwili vya kahawa na alale walau dakika 15. Kufungua dirisha na kupandisha redio si dawa.

Shemeji alikubali mambo matatu. Jumapili atalala saa tatu usiku. Atasimama mara mbili njiani na kutembea, na kila akisimama atampigia mkewe simu. Tena hatatumia kifaa kwenye mvua, kwenye msongamano, wala usiku akiwa amechoka. Gari lile ni jepesi na husukumwa na magurudumu ya nyuma. Yakiteleza kwenye maji, kifaa cha aina hii hakijui, kinaendelea kuvuta mafuta. Wala hakioni gari lililo mbele, wala hakikanyagi breki kwenye mteremko. Dada naye alikubali kwamba goti la mumewe ni ugonjwa, si kisingizio. Yeye ndiye aliyeipigia simu kampuni ya bima kueleza kwamba gari limeongezwa kitu, maana huko ukificha jambo kama hilo unaweza kunyimwa fidia.

Najua wengi wetu hatuna magari ya spoti, na katika barabara zenye matuta na vijiji kila baada ya hatua chache kifaa hiki hakina nafasi. Lakini ikiwa mumeo au kijana wako anataka kufunga chombo chochote kinachogusa mafuta ya gari, usikae pembeni ukisema hayo ni mambo ya wanaume. Uliza maswali manne. Je, pedali ya mafuta inarudi juu yenyewe bila kukwama? Je, breki inakiachisha? Je, klachi inakiachisha? Je, kitufe cha kuzima kinakizima? Kisha mwombe akuonyeshe, gari likiwa mahali tupu.

Uliza kwa upole, maana mtu akihukumiwa huficha, na akiulizwa hueleza.

Jumatatu ile alfajiri dada hakulala tena baada ya kumfungulia mumewe lango. Simu ya kwanza ililia saa mbili baadaye. Alisikiliza, akacheka, akanigeukia: "Anasema yuko kituoni anatembea kuzunguka gari, na goti halimwumi."

Tukanywa chai, na kwa mara ya kwanza tangu nifike, nyumba ile ilikuwa na amani.