Kipya Kinyemi

Waliotutangulia walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hiyo niliifundisha kwa miaka mingi, nikaieleza ubaoni, nikaitungia na maswali ya mtihani. Lakini maana yake niliijua siku niliposimama mbele ya kaunta ya duka moja la kompyuta Kariakoo, nikiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini na fedha za pensheni mfukoni, nikanunua kidonda.

Habari yenyewe ni hii. Mjukuu wangu, kijana wa miaka 20 anayesomea ufundi wa umeme, anayo kompyuta ya kuchezea michezo, ile ambayo wenyewe huiita gemu. Ni mashine kuukuu. Ilitengenezwa mwaka 2014 iwe ya ofisini, ikaingia nchini ikiwa imekwisha kutumika, naye akaipachika kadi ya picha ya GeForce GTX 750 Ti, ya mwaka huohuo. Prosesa yake ni Intel Core i5-4590, kumbukumbu, yaani ramu, ilikuwa GB 4, na diski ilikuwa ile ya kuzunguka. Humo hucheza Grand Theft Auto V, mchezo uliotolewa kwa kompyuta za namna hiyo mwaka 2015. (Ni mchezo wa wezi wa magari. Siupendi, na nimemwambia. Hilo ni shauri jingine.) Tatizo lilikuwa kwamba gari likienda kasi mjini picha inakwama. Nyumba zinachelewa kutokea, barabara inageuka tope lililopakwa rangi, kisha kila kitu kinaruka mbele kwa ghafla.

Baba yake, ambaye ni mwanangu wa pili, alitoa hukumu upesi: mashine itupwe na kijana ashike vitabu. Nilimpinga. Nikamwambia kwamba kijana anayeweza kufungua mashine kwa bisibisi, akaitoa matumbo, akayarudisha na ikawaka, huyo anasoma, tena anasoma kwa namna ambayo mimi na walimu wenzangu tulishindwa kuwasomesha wengi. Kijana alikuwa amefanya vibarua vya ujenzi likizo nzima, akaweka akiba. Nikaahidi kuongeza nusu iliyobaki. Tukapanda basi wawili.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia, akanipa kiti. Lakini hakuuliza mashine yetu ina kumbukumbu kiasi gani. Hakuuliza diski ni ya aina gani, wala pawa saplai ni ya wati ngapi. Aliuliza jambo moja tu: "Mzee, mmekuja na shilingi ngapi?" Tulipomtajia, akatoa kadi ya picha ya Radeon RX 580 iliyotumika, yenye GB 8, na bei yake ikaingia katika fedha zetu kama shati lililoshonwa kwa kipimo. Mjukuu wangu akasita. Akaninong'oneza, "Babu, tungeangalia kwanza pawa saplai." Nikamkatiza mbele ya watu. Nikamwambia mtaalamu ameshasema.

Neno hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata fedha.

Kadi ile hula kiasi cha wati 185 na hutaka waya wake maalumu wa pini nane. Pawa saplai yetu ni ya wati 290 kwa mashine nzima, na waya huo haunao. Duka lilitupa kiunganishi cha kuchota umeme kwenye waya za diski, ambazo hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Mchezo ulipoanza, mashine ikazimika. Tukaiwasha, ikazimika. Mara ya tatu ilitoka harufu ya plastiki inayoungua, na mjukuu wangu akachomoa waya ukutani kwa mkono uliokuwa ukitetemeka. Tuliporudi Kariakoo tulioneshwa kibao: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kadi yenyewe haikuwa na ubovu. Katika mashine nyingine ingefanya kazi vizuri kabisa.

Sasa, ndugu msomaji, ugomvi wangu si na kijana mmoja wa dukani. Ugomvi wangu ni na desturi ambayo imetutawala, wauzaji na wanunuzi, vijana na wazee: desturi ya kutibu kabla ya kupima. Mtu akifika zahanati na homa, akachomwa sindano kabla ya kutolewa tone la damu, nduguze watapiga kelele. Lakini mashine ikiwa nzito, kila mtu mtaani ni tabibu na dawa ni moja: kadi mpya. Ati kadi kubwa ndiyo gemu. Wengine husema prosesa mpya, wengine kompyuta mpya. Wote wanataja kitu cha kununua. Sijasikia hata mmoja anayetaja kitu cha kupima.

Na kupima kwenyewe ni bure! Mjukuu wangu alinionyesha baada ya maafa yale. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mashine yenyewe inakueleza kazi zake zinavyokwenda. Tulirudisha kadi ya zamani, tukaacha mchezo uende, tukaandika namba kwenye daftari kama katika somo la fizikia. Prosesa ilikuwa haijafika hata nusu ya uwezo wake. Kadi ya picha nayo ilikuwa na nafasi. Kumbukumbu ilikuwa asilimia 97. Diski ilikuwa asilimia 100, na haikushuka.

Nilifundisha fizikia kabla ya kuwa mkuu wa chuo, kwa hiyo namba zile zilinisuta. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta huhamishia mizigo kwenye diski, kisha huifuata hukohuko inapoihitaji. Diski yetu ni sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Kichwa chake kusogea hadi mahali panapotakiwa, kisha kungoja sahani ifike, huchukua kiasi cha milisekunde 12. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 16 na ushei tu. Maana yake safari moja ya kichwa cha diski inakula sehemu kubwa ya muda wa picha nzima, na gari linalokimbia mjini halihitaji safari moja, linahitaji mamia. Ungeweka humo kadi bora kuliko zote duniani, ingekaa ikingoja kama abiria aliyewahi stendi ilhali dereva bado amelala.

Tena jibu lilikuwa limeandikwa. Watengenezaji wa mchezo walipendekeza prosesa ya i5-3470, nayo ni ya kizazi kilichotangulia ya kwetu. Walipendekeza kadi ya GTX 660, na ya kwetu iko karibu nayo. Kumbukumbu walipendekeza GB 8, nasi tulikuwa na 4. Mistari mitatu! Mimi niliyewakemea wanachuo maisha yangu yote kwa kujibu swali kabla ya kulisoma, sikuisoma.

Tulinunua vipande viwili vya kumbukumbu vya GB 8 kila kimoja, vya DDR3, vilivyotumika, na diski ya SSD. Hiyo haina sahani wala kichwa; huipata habari kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Vyote kwa jumla vilitugharimu karibu nusu ya bei ya ile kadi. Sitadai kwamba picha zimekuwa nzuri kuliko zamani. Ni zilezile. Lakini nyumba zipo gari linapofika, na barabara ni barabara.

Wapo watakaoniambia kwamba ninatetea ukuukuu kwa sababu na mimi ni kuukuu. Labda. Lakini sijasema kadi haibadilishwi kamwe. Kuna jaribio jepesi: punguza ukubwa wa picha kutoka nukta 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, ambazo ni chini ya nusu ya zile za kwanza, kisha uangalie. Mwendo ukiongezeka sana, kadi ndiyo iliyolemewa, nawe nenda kanunue kadi, ila hesabu wati zako kwanza. Zipo kadi, kama GTX 1650 ya mwaka 2019, ambazo matoleo yake mengi hutosheka na wati 75 za kwenye soketi ya bodi bila waya wa ziada. Mwendo usipobadilika, kadi haina hatia, usiihukumu.

Na anayekushauri ubadilishe prosesa "tu" muulize soketi. Bodi ya kwetu ni ya soketi ya pini 1150. Inaweza kupokea i7-4790, yenye viini vinne vilevile lakini yenye kuendesha kazi nane kwa pamoja, na hapo ndipo penye ukingo. Ukitaka ya kisasa unanunua na bodi mpya, na bodi mpya inakataa kumbukumbu za zamani. Ulikuja kununua kimoja, unaondoka na vitatu.

Hoja ya Windows naikubali kwa upande mmoja. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Waliojiandikisha walipewa nyongeza ya masahihisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Ni jambo la kuangaliwa, na mambo ya benki nimemkataza kijana kuyafanyia humo. Lakini tarehe ya kalenda haiipunguzii mashine mwendo hata kidogo, na muuzaji anayeileta kama dawa ya picha zinazokwama anachanganya magonjwa mawili ili auze chupa moja.

Nisijifanye kwamba nimeanza kukosea Kariakoo. Chuoni kwangu, miaka ile, matokeo ya wanachuo katika mafunzo ya vitendo ya sayansi yalikuwa mabaya mfululizo. Niliandika barua wizarani kuomba vifaa, nikaandika tena. Baada ya miaka miwili vikaja, masanduku kwa masanduku, tukafanya na sherehe. Matokeo hayakusogea. Ufunguo wa stoo ulikuwa na mwalimu mmoja aliyekaa mbali na chuo. Asubuhi vipindi viwili vilikuwa vinapita kabla hajafika, na mchana alifunga mapema awahi usafiri. Vifaa vya zamani vilikuwa vinatosha. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu sikumwuliza mtu, na mwanachuo mmoja aliyejaribu kusema nilimkatiza mbele ya wenzake. Jina lake nimelisahau. Sauti yake sijaisahau, na ndiyo niliyoikumbuka mjukuu wangu aliponinong'oneza dukani.

Nilimwomba radhi mjukuu wangu. Haikuwa rahisi, katika kizazi chetu babu hamwombi radhi mjukuu. Alicheka, akasema, "Babu, yamekwisha," akaniwekea daftari mezani. Alikuwa ameanza kutamani ile i7, nami nikamtaka alete namba kwanza. Akazileta: prosesa bado haijafika nusu. Amekubali kungoja.

Kadi ya RX 580 imo kabatini mwangu, ndani ya boksi lake. Amepata mtu wa kuinunua kwa hasara isiyo kubwa sana. Nimemruhusu aiuze, kwa sharti kwamba kwanza amwulize huyo mtu pawa saplai yake ni ya wati ngapi, na kama ina waya wa pini nane.