Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Kuajiri Watumishi wa Kaunti Yetu

Mwenyekiti,

MINT: NAFASI YA KARANI WA STOO

Uliniita kwenye mahojiano ya nafasi hii. Afisa uliyemweka langoni alinirudisha kwa adabu, na sina neno naye. Alisoma orodha aliyopewa, akaona faili yangu haina cheti cha HELB, bodi ya mikopo ya masomo, akaniambia niende nyumbani. Neno nililo nalo ni kwa aliyeiandika orodha.

Barua yangu ya maombi ilikueleza kwamba nilipunguzwa kazi pale kiwanda cha nguo nilichokitumikia Athi River kilipokosa oda. Nilipokuwa kazini, mwajiri aliukata mkopo wangu wa masomo kwenye mshahara na kuuwasilisha. Mshahara ulipokoma, malipo nayo yakakoma. Cheti unachokitaka hupewa aliyemaliza deni au anayeendelea kulilipa. Mimi silipi kwa sababu sina kazi, na kazi sipati kwa sababu silipi. Kama hesabu hii inajumlika ofisini kwako, tafadhali tufundishe na sisi.

Deni lenyewe halinisubiri. Sheria inaruhusu faini ya shilingi 5,000 kila mwezi kwa asiyelipa. Kila mwezi ninaokaa bila kazi kwa kukosa cheti, cheti kinazidi kwenda mbali. Na ungeniajiri, wewe mwenyewe ndiye ungelazimika kulikata deni hilo kwenye mshahara wangu. Serikali ingepata pesa zake, nami ningepata cheti. Badala yake mmenifungia lango, na sasa deni halina wa kulilipa.

Najua bodi ina mawakili, kwa hiyo hili si geni kwako: Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022, ikamkataza mwajiri kumdai mwombaji vyeti vya uidhinisho kabla hajakusudia kuingia naye mkataba wa maandishi. Tangazo lako lilitaka kila aliyeitwa afike na cheti cha KRA (ushuru), HELB, CRB (historia ya mikopo), EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) na kile cha maadili mema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai). Tulijaa uwanja mzima, na nafasi ilikuwa moja. Au ulikuwa umekusudia kutuajiri sote? Cheti cha maadili mema peke yake kilinigharimu shilingi 1,050, nazo zilitoka kwenye fidia niliyolipwa nilipopunguzwa kazi. Nauli na fotokopi sizitaji.

Mnasema ni matakwa ya Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu. Vyema. Kabla ya uchaguzi wa 2022, EACC iliwasilisha kwa IEBC, tume ya uchaguzi, orodha ya wawaniaji zaidi ya 200 wenye maswali ya uadilifu, na wengi wao waliidhinishwa. Tuliambiwa mtu hana hatia mpaka korti iamue. Mtu mwenye kesi ya mamilioni ya umma anaruhusiwa kuomba kura, lakini mimi niliyetaka kuhesabu rimu za karatasi na matairi ya magari ya kaunti nimehukumiwa langoni kwa deni la karo.

Wala si bodi yako peke yake. Ofisi baada ya ofisi, matangazo ni yale yale na orodha ni ile ile. Nchi inamkopesha mtoto wa maskini asome, kisha inamnyima kazi kwa kuwa alikopa. Mtoto wa tajiri, aliyelipiwa na babake, hana deni la kuulizwa. Halafu mnasimama jukwaani kutuambia ajira hutolewa kwa ushindani wa haki.

Ninaomba mambo matatu. Vyeti vidaiwe kwa aliyefaulu, naye apewe muda wa kuvitafuta. Deni la mkopo wa masomo lisimzuie mtu kuhojiwa. Na sote tuliorudishwa langoni siku ile tuitwe upya, tusikilizwe kwa sifa zetu kabla nafasi haijajazwa.

Mkopo wangu siukani. Nipe kazi, uanze kuukata kwenye mshahara wa kwanza. Pasipo mshahara haulipiki, hata mkinidai cheti mara mia.

Wako mtiifu,
Mwombaji kazi uliyemrudisha langoni