Ruzuku si ya maskini peke yao

Mhariri,

Inaniumiza kusikia kaya zinazopokea fedha za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania (TASAF) zikisimangwa kuwa ni tegemezi, kana kwamba sisi wengine hatupokei chochote kutoka serikalini.

Tuseme ukweli. Mkulima ananunua mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/23. Mwanafunzi wa chuo kikuu, daktari au mhandisi wa kesho, anasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za umma ilifutwa mwaka 2016, na mtoto wa ofisa ananufaika sawa na wa mchuuzi. Mwekezaji mkubwa naye hupewa unafuu wa kodi, na mizigo yake hupita katika bandari na barabara zilizojengwa kwa fedha za umma.

Tofauti ni kwamba maskini hujadiliwa hadharani kwenye mkutano wa kijiji, ilhali wananchi wengi hawajui nani kasamehewa kodi.

Naiomba Serikali itangaze misamaha hiyo kwa uwazi uleule: nani kapewa, kiasi gani, na taifa limepata nini. Nasi tuache kuwasimanga maskini.

Msomaji wako,
Morogoro