Heliamu ya Rukwa na Mikono ya Watoto Wetu

Desemba iliyopita, nilipokuwa likizo nyumbani Wampembe, alinijia binti mmoja niliyepata kumfundisha fizikia chuoni. Tulikaa ufukweni, jirani na vichanja vya dagaa. Ana shahada ya daraja la kwanza, na kwa sasa anafundisha kwa kujitolea katika shule ya sekondari. Alikuwa ameomba nafasi ya shahada ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha Ulaya, katika fizikia ya majaribio ya maada za kwantamu. Waliitikia. Siku ya usaili alipanda gari alfajiri, akapanda milima hadi mahali ambapo mtandao hautetereki.

“Shikamoo Mwalimu,” alianza, kisha akanisimulia bila kulalamika. Maswali ya nadharia aliyajibu yote. Halafu akaulizwa: umewahi kupoza sampuli kwa heliamu kimiminika? Umewahi kuunganisha nyaya kwenye fuwele na kupima ukinzani wake? Umewahi kutengeneza pampu ya ombwe iliyokufa? Alisema kweli: hapana. Baada ya wiki moja akapata barua ya kumshukuru na kumtakia kila la heri.

“Mwalimu,” akaniambia, “nilijua kila kitu isipokuwa kazi yenyewe.”

Maneno hayo yamenikosesha usingizi, kwa kuwa aliyemfundisha kila kitu isipokuwa kazi yenyewe ni mimi.

Maada za kwantamu ni vitu yabisi ambavyo elektroni zake haziendi kila moja kwa njia yake, bali hufungamana na kutenda kwa pamoja, hata kitu kizima kikapata sifa ambazo elektroni moja haina. Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wenzake waliipoza zebaki hadi nyuzi 269 hivi chini ya sifuri, wakaona ukinzani wake wa umeme umetoweka ghafla. Waliweza kwa sababu miaka mitatu kabla, mwaka 1908, maabara hiyo ilikuwa imefaulu kuigeuza heliamu kuwa kimiminika. Tangu hapo, maabara za fani hii zinaitegemea heliamu kama mvuvi anavyoutegemea wavu.

Na heliamu hiyo ipo kwetu. Ukipanda kutoka Wampembe, ukauvuka uwanda wa Ufipa na kuteremka upande wa mashariki, unalikuta Bonde la Rukwa. Mwaka 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kuwa bonde hilo lina hazina kubwa ya heliamu. Makadirio ya awali yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Mwaka 2024 gesi hiyo ilipanda hadi juu ya ardhi katika kisima cha Itumbula. Urani na thori zilizomo katika miamba yetu ya kale huoza polepole na kuzaa heliamu, kisha joto la Bonde la Ufa likaifungua. Ni gesi nyepesi mno: ikishaponyoka hewani hupanda hadi nje ya dunia, wala hairudi.

Basi tazama hali ilivyo. Binti wa Rukwa amekosa nafasi ya utafiti kwa kuwa hajawahi kuiona heliamu kimiminika, na heliamu ya Rukwa inatayarishiwa soko la kimataifa. Tusipoangalia, gesi itaifikia maabara ya Ulaya kabla ya binti huyu.

Nafasi zenyewe hazikosekani. Uholanzi, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mkataba wa miaka minne na mshahara. Ujerumani nako wengi huajiriwa kama watafiti. Marekani, idara nyingi za fizikia hupokea hata wenye shahada ya kwanza, huwasamehe ada na kuwalipa posho kwa kazi ya kufundisha au kufanya utafiti. Karibu na nyumbani, kituo cha fizikia cha Trieste, kilichoasisiwa na Abdus Salam mwaka 1964, kina taasisi dada mjini Kigali tangu mwaka 2018. Kijana wa Kitanzania mwenye akili na kompyuta anaweza kuufikia mlango wa nadharia. Mlango wa majaribio ndio umefungwa, kwa kuwa ufunguo wake ni mazoea ya mikono, na mazoea hayo hayapatikani kwa kusoma.

Wapo wanaosema Mwafrika aanze na nadharia kwa kuwa haina gharama. Wanaosema hivyo hawaijui Ufipa. Wazee wetu walijenga malungu, tanuri ndefu za udongo zenye kimo cha mita tatu hivi, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Chuma kilichopatikana wakakisafisha tena katika tanuri dogo, safari hii kwa mivukuto. Mabaki ya malungu yangali yamesimama. Waliojenga vile hawakubahatisha. Walijaribu, wakakosea, wakasahihisha, wakawarithisha wanafunzi wao kazi ya mikono. Sisi tumewarithisha wetu madaftari.

Nakiri kosa langu mahususi. Tangu mwaka 1987 inajulikana maada moja ya kauri inayopoteza ukinzani wake wote ikifika nyuzi 180 hivi chini ya sifuri. Kwa kuipoza hiyo, heliamu haihitajiki. Nitrojeni kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, yatosha. Na nitrojeni hiyo ndiyo ambayo maafisa mifugo wetu hubeba katika mitungi ya mbegu za uhimilishaji wa ng’ombe. Miaka yote niliyochora jambo hili ubaoni, baridi niliyoihitaji ilikuwa katika ofisi ya mifugo. Sikwenda kuiomba.

Najua kutakuwa na mtumishi wa umma atakayeniuliza: Wampembe inahitaji barabara, zahanati na maji, nawe unatuletea kwantamu? Swali ni la haki, na mama anayejifungulia safarini ana haki ya kutangulia. Ila mimi siombi fedha ya zahanati. Kanuni za Madini za Ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2018 tayari zinamtaka mwekezaji awasilishe mpango wenye vipengele vya mafunzo, utafiti na uhawilishaji wa teknolojia. Ninachoomba ni kwamba kipengele hicho kisijazwe semina za siku tatu na fulana zenye nembo. Tena hospitali zetu za rufaa zina mashine za MRI, ambazo sumaku zake hupozwa kwa heliamu. Mtaalamu wa baridi kali si pambo la chuo. Hospitali nazo zinamhitaji.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, Tume ya Madini, inapopitia mpango wa mwekezaji yeyote wa heliamu, itake idadi ya nafasi za uzamivu iliyoandikwa, na majina ya vyuo vitakavyozisimamia. Nafasi hizo ziwe za pande mbili: nusu ya muda ng’ambo, nusu nyumbani. Hilo si geni. Kwa ushirikiano wa namna hiyo na Uppsala ya Sweden, Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imejenga utafiti wa maada za nishati ya jua.

Pili, iwepo maabara moja ya taifa ya baridi kali, itakayotumiwa na vyuo vyote. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko karibu na gesi, na kina kampasi Rukwa. Sehemu ya heliamu itakayochimbwa itengwe kwa maabara hiyo kabla ya pipa la kwanza kufika bandarini.

Tatu, sisi wahadhiri tuache kungoja hayo mawili. Mwanafunzi asihitimu fizikia bila kushika chuma cha kulehemu, bila kufungua pampu, bila kupoza kitu na kukipima. Na tuandike barua za mapendekezo kwa wakati, zikieleza mwanafunzi alifanya nini, si alipata alama ngapi.

Kiswahili kimeiita shahada hii uzamivu, na watu wa ziwani tunajua kwamba kuzamia hakufundishwi ukiwa juu ya mwamba. Binti yule ataomba tena mwaka huu. Nimemwahidi kwamba kabla ya hapo tutakuwa tumekwenda pamoja kwa afisa mifugo, na mtungi mtupu mkononi. Nanyi mlioko ofisini, ahadi yenu ni ipi?